Maharage ya Mtoto Hayakopeshwi

Kengele ya adhuhuri inapolia katika shule ya kilimani, mtoto aliyeondoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu mdomoni hana habari na vitabu vya hesabu. Hunawa mikono, hushika sahani yake na kupanga mstari. Yamtosha kuona kwamba sufuria inatoa mvuke na kwamba mpishi ana upawa mkononi. Ni haki yake kutojua zaidi ya hapo.

Lakini kati ya sadaka iliyotolewa kanisani, au msaada uliotoka ng'ambo, na upawa ule wa maharage, ipo mikono mingi. Yupo karani aliyeandika stakabadhi, yupo mtunza hazina aliyelipa, yupo mfanyabiashara aliyeuza, yupo dereva aliyesafirisha, yupo mlinzi wa bohari aliyepokea, na yupo mwalimu aliyetoa gunia asubuhi ile. Mkono mmoja ukilegea, mtoto ndiye anayepata habari kwanza, ingawa hataambiwa sababu. Kwa hiyo kazi ya fedha katika jimbo la Kanisa, ambayo watu wengi huidhania kuwa ya makaratasi tu, ni kazi ya jikoni pia.

Buhinyuza, Muyinga na Gitega

Buhinyuza iko kaskazini-mashariki mwa Burundi, upande wa bonde la mto Ruvubu, ambao maji yake huungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Kwa miaka mingi ilikuwa mojawapo ya tarafa za mkoa wa Muyinga. Katika mgawanyo mpya wa nchi uliotekelezwa mwaka 2025, mikoa 18 ilipunguzwa ikawa mitano, na Muyinga ikaingizwa katika mkoa wa Buhumuza. Mipaka ya Kanisa haikufuata mabadiliko hayo. Jimbo Katoliki la Muyinga, lililoanzishwa mwaka 1968 kwa kumegwa kutoka Ngozi, limo katika kanda ya Jimbo Kuu la Gitega, lililopata hadhi hiyo mwaka 1959.

Kila moja la majimbo hayo lina chombo chake cha maendeleo: Gitega ina ODAG, na Muyinga ina ODEDIM. Chombo cha namna hiyo hushika mafungu mengi kwa wakati mmoja. Fungu hili ni la kisima, lile ni la zahanati, jingine ni la shule. Hapo ndipo penye ugumu wa kazi. Fedha zote hufanana zikiwa benki. Tofauti yake imo katika daftari na katika dhamiri ya anayelishika.

Shule nyingi za Burundi zilianzishwa na wamisionari, na hadi leo zipo nyingi zinazoendeshwa kwa makubaliano kati ya Serikali na Kanisa. Serikali hulipa walimu na kuweka mitaala, nalo Kanisa hushiriki katika uongozi na malezi. Basi chakula kinapoletwa katika shule ya aina hiyo, hesabu yake huwa na macho mengi juu yake: ya Serikali, ya jimbo, ya mfadhili na ya wazazi. Macho yakiwa mengi, kila mmoja aweza kudhani kwamba mwenzake ndiye anayetazama.

Kwa nini sufuria iwe shuleni

Mwaka 2005 Serikali ya Burundi ilifuta ada katika shule za msingi, na watoto wakafurika madarasani. Ada ilikwisha, njaa ikabaki. Uchunguzi wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watoto wa nchi hiyo walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa kwa kukosa lishe bora. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, chombo cha Umoja wa Mataifa kilichoanzishwa mwaka 1961, limekuwa mshirika mkubwa wa Serikali katika kupeleka chakula shuleni, na Gitega na Muyinga ni miongoni mwa maeneo yaliyofikiwa. Umoja wa Afrika nao, tangu mwaka 2016, umeitenga tarehe 1 Machi kila mwaka kuwa siku ya chakula cha shule barani.

Yafaa kusema kweli kuhusu uwezo wa sahani hiyo. Kimo kilichopotea kabla ya mtoto kutimiza miaka miwili hakirudishwi kwa maharage ya darasa la tatu. Lishe ya mama mjamzito na ya mtoto mchanga ina nafasi yake, na hakuna shule inayoweza kuijaza. Sahani ya shule inalofanya ni jingine: humleta mtoto darasani, humfanya abaki hadi mchana, na humpa nguvu za kusikiliza. Mzazi maskini mwenye binti wa kuchunga wadogo zake hupima mambo mawili, na mlo wa uhakika waweza kuuelekeza mzani upande wa shule. Neno la kushika hapo ni uhakika. Mlo unaokuja leo na kukosekana kesho haumshawishi mzazi huyo.

Sheria inavyoagiza

Kanisa Katoliki lina sheria zake, na Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 haukuacha mambo ya fedha yaende kwa kubahatisha. Kanuni namba 492 inaagiza kila jimbo liwe na baraza la fedha lenye waamini wasiopungua watatu, wajuzi wa mambo ya fedha na sheria za nchi, na watu wa uadilifu. Ndugu wa Askofu, wa damu na wa ndoa, hadi kiwango cha nne, hawaruhusiwi kuwamo. Baraza hilo, kwa kanuni namba 493, hutayarisha kila mwaka makadirio ya mapato na matumizi, na mwaka ukiisha huchunguza hesabu.

Kanuni namba 494 inamtaja mtunza hazina wa jimbo. Huteuliwa kwa miaka mitano, na kipindi chake chaweza kurudiwa. Hutakiwa awe hodari wa mambo ya uchumi na mwaminifu asiye na doa. Kazi yake ni kutunza mali ya jimbo chini ya mamlaka ya Askofu, kwa kufuata makadirio yaliyowekwa na baraza, na kulipa yale yaliyoidhinishwa kihalali. Msomaji aliyefanya kazi katika ofisi ya malipo jeshini ataitambua busara iliyomo: anayeidhinisha ni mmoja, anayelipa ni mwingine, anayekagua ni wa tatu. Askofu mwenyewe hana ruhusa ya kumwondoa mtunza hazina ovyo kabla ya muda wake. Sharti pawepo sababu nzito, na awe amesikiliza ushauri uliotajwa katika sheria.

Lakini kanuni iliyo karibu zaidi na sufuria ni namba 1267, kifungu cha tatu. Inasema kwamba matoleo ya waamini yaliyotolewa kwa kusudi fulani hayawezi kutumiwa ila kwa kusudi hilohilo. Maneno ni machache, na hayakuweka nafasi ya udhuru. Aliyetoa kwa ajili ya maharage ya watoto ametoa kwa ajili ya maharage ya watoto.

Hesabu ya upawa

Ichukuliwe kwa mfano shule moja yenye watoto 600. Kipimo cha mlo wa mtoto mmoja kiwe gramu 150 za unga, gramu 40 za maharage, gramu 10 za mafuta na gramu 3 za chumvi. Kwa siku moja jiko hilo litahitaji kilo 90 za unga, kilo 24 za maharage, kilo 6 za mafuta, na chumvi kilo moja na gramu 800. Kwa juma la siku tano, unga ni kilo 450, yaani magunia tisa ya kilo 50, na maharage ni kilo 120. Muhula wa majuma 12 utakula kilo 1,440 za maharage.

Sasa kipungue kidogo. Upawa upunguzwe gramu tano tu za maharage kwa kila mtoto, kiasi ambacho jicho la mtoto haliwezi kukiona. Kwa siku zitapotea kilo 3, kwa juma kilo 15, na kwa muhula kilo 180. Hizo ni kilo za kuwalisha watoto wote 600 kwa siku saba na nusu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na msemo huo humfaa hata yule anayejaza kibaba cha nyumbani kwake kwa mali ya watoto.

Upo mlango mwingine wa siri, nao ni orodha ya majina. Shule ina watoto 600 katika daftari, lakini leo wamefika 540, kwa kuwa ni siku ya soko au mvua imeharibu njia. Chakula kikitolewa bohari kwa hesabu ya daftari, zitabaki kilo 9 za unga na kilo 2 na gramu 400 za maharage ambazo hazina mlaji. Zikiongezwa katika sahani za waliofika, si hasara kubwa. Zikitoka kwa mlango wa nyuma, ni wizi usio na alama, maana karatasi zote zitalingana. Dawa yake ni rahisi: watoto wahesabiwe asubuhi darasa kwa darasa, hesabu hiyo ifike bohari kabla ya gunia kufunguliwa, na chakula kipimwe kwa mizani kulingana nayo.

Kuni hazimo katika gunia

Watu wengi hudhani kwamba chakula cha msaada ni cha bure. Gunia lililoletwa hadi mlango wa shule laweza kuwa la bure. Mlo hauwi bure kamwe. Maharage hayaivi bila kuni, na Burundi, nchi yenye watu wengi katika eneo dogo, haina kuni za kuchezea. Yanatakiwa maji, nayo pengine huchotwa mbali. Anatakiwa mpishi, naye ana watoto wa kulisha. Zinatakiwa sabuni, sufuria, marekebisho ya jiko, kufuli ya bohari na mlinzi wa usiku. Gari linalotoka Muyinga mjini hadi Buhinyuza hunywa mafuta, na uhaba wa mafuta uliisumbua sana Burundi katika miaka hii ya 2020.

Gharama hizi zisipoandikwa katika makadirio, hazitoweki. Hurudi kwa njia nyingine. Mwalimu mkuu mwenye nia njema huona kuni zimekwisha na watoto wanangoja. Hana fungu la kuni. Huuza gunia moja la unga, hununua kuni, na mlo hupikwa siku hiyo. Hakuna aliyeiba, na watoto wamekula. Lakini tangu siku hiyo gunia limejifunza njia ya sokoni. Mara ya pili huuzwa kwa ajili ya sabuni, mara ya tatu kwa ajili ya posho ya kikao, na mara ya nne hakuna anayekumbuka liliuzwa kwa ajili ya nini. Mtunza hazina mwenye busara huuziba mwanya huo mwanzoni, kwa kuandika fungu la kuni, fungu la usafiri na fungu la ujira wa mpishi kando ya fungu la chakula. Na fedha zikiwa chache, ni heri kupanga siku nne za mlo zilizo kamili kuliko siku tano zisizo na kuni.

Jiko nalo lisaidie hazina. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema na hupunguza kuni. Sufuria yenye kifuniko na jiko lililozungushiwa udongo huhifadhi moto. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu huwa magumu na hula kuni nyingi, kwa hiyo ya zamani yatumike kabla hayajazeeka zaidi. Hayo ni mambo ambayo mama yeyote wa nyumbani anayajua. Ofisi ya jimbo yafaa imwulize kabla ya kupanga makadirio.

Mkopo wa siku chache

Hatari iliyo kubwa kupita wizi ni mkopo wa ndani. Ichukuliwe tena kwa mfano. Gari la jimbo limeharibika, nalo ndilo linalotumika kuwafikia wagonjwa na parokia za mbali. Fungu la magari limekwisha. Katika benki zimo fedha za maharage, na mwezi ujao unatarajiwa msaada mwingine. Mtu mwema anasema: zitumike hizi kwa siku chache, zitarudishwa. Zinachukuliwa fedha za kilo 480.

Msaada unachelewa, kama misaada inavyochelewa. Bei ya maharage inapanda. Fedha zinaporudishwa, hazinunui tena kilo 480. Na hata zingenunua, kilo 480 katika shule ile ya watoto 600 ni maharage ya siku 20 za masomo, yaani majuma manne. Gari limetengenezwa, na deni katika daftari limefutwa, lakini majuma manne ya mtoto hayana namna ya kurudishwa. Hawezi kula leo maharage ya mwezi uliopita. Shida ya gari ilikuwa ya kweli, na aliyeamua hakuweka hata faranga moja mfukoni. Hata hivyo waliolipia gari lile ni watoto, nao hawakuulizwa.

Kwa sababu hiyo watunza hazina wenye uzoefu hupenda fungu la chakula liwe na akaunti yake benki, lisichanganywe na matumizi ya ofisi, na hundi yake iwe na sahihi mbili. Hupenda pia jimbo liwe na akiba ya dharura, hata iwe ndogo, ili gari likiharibika lipate pa kutengenezwa. Asiye na akiba hukopa kwa asiyeweza kukataa, na katika hesabu za jimbo zima hakuna asiyeweza kukataa kuliko mtoto wa shule.

Kununua kwa wakati wake

Mwenye fedha za maharage hana budi kuijua kalenda ya mkulima. Nchini Burundi mazao ya msimu wa kwanza, yaliyopandwa mvua za Septemba na Oktoba, huvunwa kati ya Desemba na Februari. Ya msimu wa pili huvunwa kuelekea Juni na Julai. Upo pia msimu wa tatu wa mabondeni wakati wa kiangazi. Baada ya mavuno bei hushuka; katika miezi ya kungoja mavuno bei hupanda, na wakati huo ndipo nyumba nyingi hukosa chakula na watoto huhitaji zaidi mlo wa shule.

Ikiwa bei itapanda kwa nusu yake, fedha zilizotosha kilo 1,440 baada ya mavuno zitanunua kilo 960 tu. Pengo ni kilo 480 zilezile, maharage ya siku 20, na safari hii zimepotea kwa kuchelewa kutia sahihi. Faranga nayo huyeyuka ikikaa: mwezi Mei mwaka 2023 Benki Kuu ya Burundi iliishusha sana thamani ya fedha ya nchi. Hivyo uamuzi wa manunuzi haufai kungoja kikao kinachoahirishwa mara tatu. Makadirio yapitishwe mapema, na fedha ziwe tayari siku mkulima anapoanika maharage yake.

Kununua kwa wakulima wa jirani kuna faida ya pili. Fedha ya mlo hubaki kilimani, na mzazi anayemwuzia shule maharage huona haya kuleta mabovu, maana mwanawe ataketi mbele ya sahani hiyo. Lakini jirani naye apimiwe kwa mizani, apewe stakabadhi, na alipwe kwa wakati. Ujirani haufuti haja ya karatasi.

Bohari yenye kufuli mbili

Mambo ya bohari yatawakumbusha askari kambi zao. Mlango uwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu, wa pili kwa mzazi aliyechaguliwa na kamati, ili asiwepo anayeingia peke yake. Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na sakafu na ukuta, yasipate unyevu. Yaliyotangulia kuingia yatangulie kutoka. Maharage yakaushwe vizuri kabla ya kuhifadhiwa, maana wadudu huyatoboa upesi, na mifuko isiyopitisha hewa husaidia kuwazuia. Kila kinachoingia na kutoka kiandikwe siku hiyohiyo katika kadi ya bohari, pamoja na bakaa. Na mara kwa mara, bila taarifa, atokee mtu wa jimbo ahesabu magunia na kulinganisha na kadi.

Ukaguzi wa namna hiyo si matusi. Askari anayekaguliwa silaha yake asubuhi hasemi kwamba mkuu wake amemwita mwizi. Mwenye bohari aliye mwaminifu ndiye wa kwanza kufaidika, kwa kuwa siku maneno yatakapoanza kijijini atakuwa na ushahidi wa maandishi kwamba mikono yake ni safi.

Somo kutoka Kenya

Mwaka 1979, Rais Daniel arap Moi wa Kenya alianzisha mpango wa kuwapa wanafunzi wa shule za msingi maziwa, ambayo wananchi waliyaita maziwa ya Nyayo. Watoto wa rika lile, ambao leo ni watu wazima, wangali wanaikumbuka pakiti ile. Mpango ulipendwa na kila mtu, lakini gharama zake zilikuwa nzito, na katika miaka ya 1990 ukafifia hadi ukafa. Kupendwa hakukuulinda.

Mwaka 2009 Kenya ilianza njia nyingine katika maeneo makavu: fedha zilipelekwa katika akaunti za shule, nazo kamati za shule zikanunua chakula kutoka kwa wafanyabiashara na wakulima wa karibu. Njia hiyo ilimkabidhi mzazi wa kawaida kazi ya kusoma zabuni na kulinganisha bei. Somo lake kwa Buhinyuza na kwingineko ni kwamba mlo wa shule hudumu ukiwa na fungu linalojulikana, na ukiwa na watu wa palepale wanaoweza kuuliza fungu hilo limekwenda wapi.

Ubao ukutani

Kanuni namba 1287 ya sheria za Kanisa inawataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali ambayo waamini wenyewe wameitoa. Agizo hilo halihitaji mitambo wala mtaalamu kutoka mbali. Latosha ubao mmoja kwenye ukuta wa jiko, wenye kuandikwa kwa chaki kila juma: watoto waliokula, kilo zilizopokewa, kilo zilizopikwa, kilo zilizobaki, na fedha zilizotumika kwa kuni. Uandikwe kwa Kirundi, lugha ya wazazi. Bibi anayejua kusoma tarakimu tu aweza kuukagua, na jioni mtoto atamweleza nyumbani kama upawa ulikubaliana na ubao.

Kasisi au mtawa anayeogopa ubao huo kwa kudhani utaleta maneno, afikiri upya. Maneno yapo tayari. Pasipo na hesabu, watu hujitungia yao, nayo daima huwa kubwa kuliko ile ya kweli. Mwenye hila ndiye atakayepata taabu na ubao. Aliye mwaminifu atalala vizuri.

Nyumbani kwa askari

Yote haya yana nafasi katika nyumba ya kota za polisi na katika nyumba ya mwanajeshi aliye mbali kikazi. Mshahara nao, siku unapopokewa, hufanana wote. Mama wa nyumbani ndiye anayeugawa: hii ni ya unga, hii ya kodi au maji, hii ya madaftari, hii ya dharura. Baba akirudi na shida ya rafiki, au mama akijiwa na jirani wa kikoba, fungu la kwanza kuguswa ni la chakula, kwa sababu liko karibu na halina mdai mwenye sauti. Watu hujiambia kwamba litarudishwa mwisho wa mwezi. Kisha watoto hula chai kavu kwa siku tano, na hakuna daftari linaloandika siku hizo.

Nyumba yenye daftari la kurasa chache, linaloandikwa na mama na kusomwa na baba bila ugomvi, ina ulinzi mkubwa. Fungu la unga lifungwe kama bohari ya kufuli mbili: lisiguswe ila wote wawili wamekubaliana, na wote wawili wamejua ni nani atakayekosa nini. Mara nyingi swali hilo moja hutosha kuuzuia mkopo usiofaa.

Wahenga wa pwani waliacha neno ambalo lingefaa kuandikwa juu ya mlango wa kila ofisi ya hazina, na juu ya kabati la kila jiko: mali bila daftari hupotea bila habari. Huko Buhinyuza habari hiyo humfikia kwanza mtoto mwenye sahani mkononi, anapoufikia mwisho wa mstari na kuona mpishi anakwangua sufuria.